Nusu Hatua Chini

Kosa langu lilianza kwa huruma. Miaka tisa iliyopita, katika kilabu chetu cha jazi pale mjini Kobe, Misuzu Orihara alikwaruza noti ya juu kabisa ya "Mvua ya Rokko", wimbo alioutunga mwenyewe akiwa na miaka ishirini na mitatu. Wateja walipiga makofi kwa adabu, macho kwenye glasi zao. Kesho yake nikaupiga wimbo mzima kwenye piano nusu hatua chini, yaani kibao kimoja chini ya ulivyoandikwa, bila kumwambia. Noti ikatoka safi.

"Umeona, mzee?" alinitania. "Koo bado la binti!"

Mwaka uliofuata nikashusha tena. Kisha tena, na tena. Mpiga besi alijua, mpiga ngoma alijua. Kwetu aibu ya mtu hufunikwa.

Halafu, Misuzu akiwa na miaka hamsini na minne, kampuni ya rekodi ikamwita. Albamu yake ya kwanza, na okestra ya watu thelathini.

"Nimewapa karatasi zangu za mwanzo kabisa," alisema, akitafuna mkate wa mayai. "Mbona umenuna, Tokuji? Wivu?"

"Za mwanzo?"

"Sasa zipi tena? Kwani wimbo umebadilika?"

Nilikuwa na siku kumi na saba za kusema. Kila siku nilifika mlangoni kwake nimeshika asali na tangawizi, nikampa, nikarudi. Nilikuwa mwoga, basi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Asubuhi ya kurekodi, okestra ilipoanza, nilimwona akikunja uso. Aliimba vizuri hadi mstari wa mwisho, sauti ikakatika. Akaomba radhi, wakarudia. Ikakatika. Mara ya tatu haikutoka kabisa, na watu thelathini wakainamia karatasi zao kwa adabu.

Misuzu akaja kwenye piano niliyokuwa nimesimama karibu yake. Akaimba noti ile kwa sauti ya chini kama tunavyoiimba kilabuni, akaitafuta kwa kidole kimoja. Kisha akapanda kibao kimoja kimoja hadi noti ya kwenye karatasi. Vibao vinne.

"Tangu lini, Tokuji?"

"Miaka tisa."

"Na wenzetu walijua?"

Nikainamisha kichwa.

"Kwa hiyo yale makofi yote," alisema taratibu, "walikuwa wanampigia nani?"

Alichukua koti lake, akawainamia wanamuziki wote thelathini kuwaaga, mimi akanipita.