Yule wa Kushoto

Usingizi wa mchana ni mwizi, hauji kwa hodi. Nimekula wali wangu, nimejinyoosha mkekani mbele ya televisheni, na mjukuu wangu Shani ameniwekea sinema zetu, zile za miaka ya vita na baada ya vita ambazo hata wenyewe wamezisahau, za Wapolandi, za Wahungari, za Wajapani, hazina rangi, hazina tafsiri, na mimi sijali. Shani huniuliza, bibi, unaelewa nini humo? Namwambia sitaki kuelewa, namtafuta baba yangu. Bibi, baba yako alipigana Bama, hii ni Polandi. Ebo! Vita si ilikuwa moja? Mtu akishapigwa picha anaweza kupita popote. Maana baba yangu Mshamu alipigwa picha. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, hapa hapa Lindi, siku gari la sinema lilipokuja wakatundika shuka jeupe kati ya nguzo mbili uwanjani, wanaume wakakaa mbele na wanawake wakapelekwa nyuma ya shuka, kwenye upande wao. Wakaonyeshwa askari wetu wa keya, jeshi la Mwingereza, huko Bama, na mmoja akageuka, akatazama, akapunga mkono. Ni yeye. Lakini alipunga wa kushoto. Mama yangu, Bi Esha, hakumsamehe. Mkono wa kushoto! Mkono wa chooni! Mume akikuaga kwa mkono huo amekutupa, hakuna cha kuuliza. Baba hakurudi, alizikwa huko huko, mama akakaa eda na hasira zake, na mpaka anaingia kaburini hakumtaja tena kwa jina. Alimwita Yule wa Kushoto. Nami nimezeeka na hamu moja tu, niuone huo mkono kwa macho yangu, nijue kama kweli alitutupa.

Basi kope zinanielemea, na mwanamke wa ndani ya sinema, aliyejitanda shali, anageuka kunitazama na kusema, bibi, ama uingie ama utoke, unazuia njia. Navuka ukingo wa televisheni kama ninavyovuka kizingiti cha jikoni, na niko ndani, pekupeku, na kanga yangu nyekundu imekuwa ya kijivu. Barabara ni moja, ndefu, inakwenda inarudi, ninaikanyaga na yenyewe inanikanyaga, na kandoni kuna mji ulioanguka wote, theluji inashuka juu ya matofali, na watu wamesimama mstari wanapokezana matofali mkono kwa mkono. Mwenye shali ananipa moja nami nampa wa mbele yangu, hakuna anayeniuliza nimetoka wapi. Namwuliza, umemwona askari mmoja, mweusi, mrefu, anapunga mkono? Anajibu kwa lugha yake, nami naielewa, anasema wetu pia hawajarudi, shika tofali. Hapo anatokea mtu mwenye koti na kipaza sauti cha bati, kama wale waliokuwa wakitueleza picha zamani, ila hana uso, mahali pa uso ni peupe kama shuka. Kitendawili! anasema. Mimi tena, tangu utotoni siwezi kujizuia, najibu, tega! Anasema, wafu wangu wanatembea, ukileta taa wanakimbia. Nasema panya. Anasema panya si mfu. Nasema mashetani. Anasema umeshindwa, binti Mshamu, nipe mji. Namwambia chukua huu huu, kwani ni wangu? Jibu lake ni watu wa sinema, na mimi najikuna kichwa kwa aibu, lakini mji umeshaanza kukunjwa, theluji, matofali, mwenye shali na mikono yake iliyochubuka, vyote vinakunjwa kama nguo iliyokauka, na barabara inaendelea.

Inaendelea na kuingia majini. Ni mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, na ndani ya maji kuna mji mwingine umesimama kichwa chini, nyumba za karatasi juu, nyumba za karatasi chini, sijui natembea katika upi. Mbele ya nyumba moja amesimama mwanamume mwenye magwanda yaliyochakaa. Amerudi vitani, yuko mlangoni kwake, ndani nasikia mtu anapepeta mchele, na yeye hathubutu kubisha. Ameinua mkono na mkono umekwama hewani. Si baba yangu, lakini moyo unaniuma. Baba, bisha hodi! namwambia. Haya wewe umefika, unangoja nini, wenzako hawakujaliwa! Hageuki. Basi nabisha mimi kwa niaba yake, hodi, hodi hapa! Upepetaji unanyamaza, nyayo zinakuja, na kabla mlango haujafunguka yule asiye na uso anaweka kipaza mdomoni, au pale panapopaswa kuwa na mdomo. Kitendawili! Sasa hivi? Ngoja kwanza wafungue! Kitendawili! Haya, tega, mtu gani wewe usiyejua subira. Anasema, mgeni wangu anabisha tangu nizaliwe, hajaambiwa karibu. Macho yangu yako mlangoni, akili haipo, nasema sijui, sijui, chukua mji. Anasema ni moyo. Na mlango unakunjwa ungali umefungwa, pamoja na mtu wake na mkono wake.

Nalia njiani bila kificho. Yule bwana ananiambia, usilie, umebakiwa na mji mmoja, nami nauliza upi, na tayari nimeshafika. Lindi. Uwanja, jioni imeingia giza, gari la sinema linanguruma, shuka liko kati ya nguzo. Nakwenda upande wa wanawake bila kuambiwa, naketi, na aliye pembeni yangu ni msichana mwenye mtoto mgongoni. Ananigeukia kwa adabu, shikamoo bibi. Mama yangu. Ananiamkia mimi, mama yangu, nami nasema marahaba mwanangu, hujambo? Sijambo, anasema, nimeambiwa leo wataonyesha keya, nimemleta Somoe amwone baba yake. Na Somoe ni mimi, nimelala nimeachama mdomo. Shukani yanapita maandishi ambayo siyaelewi, herufi zimegeuka kinyumenyume, nadhani ni Kihungari. Kisha wanakuja askari, matope magotini, na mmoja anageuka. Ni mrefu, ana shavu langu. Anainua mkono. Kushoto! anasema mama, na uso wake unajifunga pale pale, ninauona ukijifunga. Siwezi kukaa. Nanyanyuka na uzee wangu, nazunguka nguzo mpaka upande wa wanaume, na huku herufi zimenyooka, zinasomeka, KEYA, na mkono unaoshuka sasa hivi, picha ikielekea kuisha, ni wa kulia.

Ni wa kulia! Nakimbia nyuma, namshika mama kiganja, njoo, njoo uone huku! Bibi, huko kwa wanaume siendi, nitasemwa. Wakuseme, mwanangu, mimi nitawajibu! Anakuja, lakini tunapofika picha imekwisha, shuka ni jeupe, na mbele yake amesimama yule bwana, huwezi kujua shuka linaishia wapi na uso unaanzia wapi. Kitendawili, anasema polepole. Tega. Kushoto kwangu kulia, kulia kwangu kushoto, na sijasema uongo. Jibu ninalo mdomoni. Nikilitoa, nimeshinda, Lindi inabaki yangu. Lakini nani asiyejua sheria ya vitendawili? Aliyetega akishapewa mji ni lazima aonyeshe jibu. Namtazama mama. Nasema, sijui. Binti Mshamu, unajua. Nimesema sijui, chukua Lindi, toa jibu! Na taa inawaka, askari wanarudi na matope yao, baba anageuka, anamtazama mama moja kwa moja, na kumpungia mkono wa kulia. Kumbe, anasema mama. Kumbe, Mshamu. Anainua wake wa kulia, na uwanja unaanza kukunjwa kutoka pembeni, nguzo, gari, wanawake, yeye akiwa wa mwisho, bado anapunga.

Bibi! Bibi Somoe, umelia usingizini. Shani ananitikisa. Televisheni ni nyeupe tupu, na mkono wangu wa kulia uko juu, umekataa kushuka. Hapa ni wapi? Anacheka, hapa Lindi, bibi, kwani pengine wapi? Nasema, Lindi si nimeshaitoa. Natazama kanga yangu, na katika mwanga huu wa jioni siwezi kuapa kama ni nyekundu. Nasikia hodi. Fungua mlango, Shani. Bibi, hakuna mtu. Naweka mkono kifuani, nasikiliza, huenda ni humu, huenda ni mlangoni, hodi ni ile ile. Karibu, nasema. Karibu ndani, baba.