Kibanzi cha Baba

Kaka yangu ameshahitimu uuguzi, uhasibu, ualimu na sheria, na juzi juzi amemaliza shahada ya pili ya mambo ya maji. Picha ya joho hana hata moja. Majoho wanavaa wateja wake. Yeye yuko palepale mezani karibu na dirisha, mbele ya kompyuta iliyong'oka kitufe cha herufi N, akidunga kile kishimo kwa njiti ya kiberiti kila N inapohitajika, huku cherehani ya mama ikirindima nyuma yake. Mtaani wanamwita Profesa. Akiitwa hivyo hucheka, lakini mimi namjua, hacheki kwa moyo. Shahada yake mwenyewe, ile moja ya halali, imelala sandukuni. Aliizungusha maofisini mpaka bahasha ikachakaa, kisha akaacha.

Kazi huja kwa simu. Yupo dalali ambaye hatujawahi kumwona hata sura. Anakusanya wanafunzi waliozidiwa na wengine waliozembea tu, anamtumia Profesa mada na siku ya mwisho, na Profesa anaandika. Akimaliza anatuma, na akishatuma anafuta kila kitu, nakala, ujumbe, mpaka jina la somo. Ndiyo sheria ya kazi yao. Siku moja nilimuuliza kama haimuumi kuona maneno yake yanaondoka bila jina lake.

"Mama anashona magauni ya harusi kila wiki," alinijibu. "Umemwona akiolewa kila wiki?"

"Mniache mama wa watu," mama akasema bila kuinua uso kwenye kitambaa.

Kitu pekee kilichokuwa kikimtia Profesa tumbo joto ni ile mashine ya vyuo inayokagua maandishi. Ukiiba sentensi mahali, inaipaka rangi nyekundu, na mteja akikamatwa dalali hakupi kazi tena. Hapo ndipo kaka yangu alipojipatia ujanja wake. Aligundua kwamba mashine inajua vitabu vyote, lakini haimjui shangazi yetu. Basi shangazi, aliyeachwa na mumewe akafungua duka la mitumba, akawa mfano katika utafiti wa wanawake na biashara ndogo. Babu, aliyekuwa akificha vidonge chini ya ulimi na kuwatemea kuku, akawa kisa cha mgonjwa kwenye kazi ya uuguzi. Hata mimi, niliyekojoa kitandani mpaka nikiwa na akili zangu, nimeshafundishwa darasani kwenye somo la makuzi ya mtoto. Tulicheka sana nyumbani. Niliyecheka kuliko wote ni mimi, na sikujiuliza nani mwingine keshauzwa.

Sasa niseme habari za baba, maana bila hiyo hutanielewa. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na sasa haoni. Mgeni yeyote akija kwetu, hata aliyekuja kupima suruali, atasimuliwa jinsi ilivyotokea, na kila mara kwa maneno yaleyale. Baba hataki huruma, kwa hiyo ameisuka habari yake ikawa na vichekesho mahali pake. Anasema: "Kibanzi kiliingia jichoni kama mgeni, kikakaa kama mwenye nyumba. Nikasema kitatoka chenyewe, nina mageti ya watu. Jicho likafa. Kumbe la pili lilikuwa na huruma, likaona mwenzake asiende peke yake." Hapo mgeni hajui acheke au anyamaze. Kisha baba anamalizia: "Tabibu wa macho akaniambia, mzee, ungekuja siku ile ile. Nami nikamwambia, daktari, siku ile ile sikukujua." Sisi watoto tumekua na maneno hayo. Tukiwa wadogo tulikuwa tukiyasema pamoja naye chini chini, midomo ikienda sawa.

Kwa ajili ya maneno hayo nilitaka kusomea utabibu wa macho. Kipo chuo kinachotoa nafasi chache za ufadhili, na bila ufadhili kwetu hakuna cha chuo wala cha nini. Cheti changu kilikuwa kizuri. Kilichobaki ni insha: eleza tukio lililokufanya uchague fani hii. Profesa akavuta kiti chake, akafurahi kama aliyeitwa kula.

"Nipe. Hii nakuandikia bure, watalia."

"Hii naandika mwenyewe," nikamwambia.

"Basi nionyeshe ukimaliza, nirekebishe."

"Hata kuona huoni."

Nilimwambia hivyo kwa kiburi, sikatai. Nilichoshwa na nyumba ambayo kila neno linauzwa. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu toka mwanzo mpaka mwisho. Nikaenda kuandika kwenye kompyuta ya maktaba, nikaandika kibanzi, mgeni na mwenye nyumba, jicho lenye huruma, yote kama baba anavyosema, kwa sababu sikuona maneno mengine ya kuyashinda. Nikatuma, nikalala usingizi mzuri.

Aliyeniita ofisini alikuwa msajili wa chuo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliniambia nikae. Akageuza kioo cha kompyuta yake nikaona insha yangu ikiwa nyekundu tangu juu, na pembeni yake ukurasa wa mtu mwingine, nao mwekundu.

"Binti, hii umeitoa wapi?"

"Nimeandika mwenyewe, mama. Ni habari ya baba yangu."

"Ya pembeni ililetwa na mwombaji wa awamu iliyopita. Sasa ni mwanafunzi wetu, tena mzuri." Alivua miwani akaifuta. "Sipendi kukuharibia. Kabla ya Ijumaa niletee maelezo. Ijumaa ikipita, jina lako linaingia kwenye orodha ya waliodanganya, na orodha hiyo vyuo vyote vya ufadhili vinaisoma."

Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Nakumbuka tu kwamba nilisimama mlangoni nikamwita "kaka," na yeye akageuka haraka, kwa sababu mimi humwita Profesa.

"Habari ya baba ulishamuuzia mtu?"

Njiti ya kiberiti ilibaki hewani. "Uliandika kibanzi?"

"Niliandika kibanzi."

"Mgeni na mwenye nyumba?"

"Sasa ulitaka niandike nini?"

Cherehani ilinyamaza. Kaka yangu alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni, mtu mzima. "Si ningeiona," akasema. "Ungenionyesha ningeona hapo hapo. Kwa nini hukunionyesha?" Na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alikuwa na haki. Katika waombaji wote wa chuo kile, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na mwandishi chumbani, na mimi ndiye niliyekataa msaada wake.

Alisema ataandika barua kukiri. Alikaa mezani mchana kutwa. Mtu huyu aliyeandika sura nzima za sheria huku akitafuna muhogo, barua yake mwenyewe ilimshinda. Kinyozi hajinyoi. Kila alichoandika kilikuwa kizuri mno, kilisomeka kama cha kununuliwa. Mwishowe nilimwambia aache, twende aseme kwa mdomo wake. Baba, aliyekuwa kwenye kiti chake muda wote huo, akapapasa ukutani akachukua fimbo.

"Maneno ni yangu," alisema. "Twendeni wote."

Msajili alitupokea vizuri. Alimwamkia baba, akamshika mkono mpaka kitini. Profesa hakuzunguka. "Mama, insha ile ya pembeni niliiandika mimi, nikamuuzia mwanafunzi wenu. Mdogo wangu hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

"Una cha kunionyesha? Nakala? Ujumbe wowote?"

"Nilifuta. Huwa tunafuta."

"Jina la aliyekupa kazi?"

"Silijui. Nina namba ya dalali."

Kaka alipiga mbele yetu, sauti ikiwa juu. Dalali aliitika kwa furaha, pengine akidhani kazi imekamilika. Profesa alipotaja chuo, yule bwana akasema, "Ndugu, nadhani umekosea namba," akakata. Tulipopiga tena haikupatikana. Dalali hajapatikana mpaka leo kwa habari hiyo, ingawa kwa kazi anapatikana, kama utakavyoona.

"Mwanangu," msajili akasema, na wala hakusema kwa ubaya, "kila awamu naletewa kaka anayesema aliandika yeye. Awamu iliyopita nililetewa mjomba."

Hapo baba akasafisha koo. "Mama, nisikilize." Akaanza. Kibanzi kiliingia jichoni kama mgeni. Aliisema kama anavyoisema kwa wageni, akitua palepale anapotua siku zote, na msajili akawa anafuatisha kwa kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari. Niliona kidole kikienda sawa na mdomo wa baba. Nilimwona akiacha kupumua kidogo kwenye jicho lenye huruma. Nikasema moyoni, tumepona.

Baba alipomaliza, msajili alisogeza kidole mstari mmoja chini. Kisha akauliza taratibu, "Mzee, ndiyo mwisho huo?"

"Ndiyo mwisho. Nini tena?"

"Ya pembeni inaendelea." Alimtazama Profesa, na Profesa akafunika uso kwa mikono. Nilikuwa nimeona ukurasa wa kwanza tu. Msajili akasoma: "Baba yangu alifariki alfajiri, akiwa bado anauliza kama kumekucha."

 Baba aligeuza kichwa upande wa Profesa, halafu upande wangu, kama anayetaka kujua tumekaa wapi.

"Mteja alitaka iwaguse," kaka yangu akasema kwenye viganja vyake. "Dalali aliirudisha, akasema haigusi vya kutosha."

"Sasa mnielewe," msajili akasema. "Yule binti faili lake linasema ni yatima. Nyinyi baba yenu huyu hapa, Mungu amzidishie. Nimwite mtoto wa watu nimuulize kama marehemu baba yake ni huyu mzee? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Siyo yatima. Dalali aliniambia baba yake ndiye aliyelipa."

"Una ushahidi?"

Hakuwa nao. Tulileta ushahidi mmoja tu duniani, tukamshika mkono tukampandisha ngazi, na yeye ndiye aliyetuangusha, kwa kuwa hai. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumrukia kaka yangu, na msajili, na yule msichana ambaye sijawahi kumwona. Badala yake nilisema, "Asante, mama," kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Alisema amesikitika, na naamini alisikitika kweli. Jina langu liliingia kwenye orodha Ijumaa hiyo.

Nje kulikuwa na benchi la zege, wanafunzi wakipita na vikoti vyao vyeupe. Baba alisema tukae kwanza. Kisha akamwambia Profesa amsomee.

"Sinayo, baba. Nilifuta."

"Kichwani hukufuta."

Ni kweli. Kaka yangu aliisema yote, akitazama chini. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, lazima niseme, na hilo nalo liliniudhi. Alipofika alfajiri alisita, baba akamngoja mpaka akamaliza.

"Umeandika vizuri," baba alisema. Baadaye kidogo akauliza, "Hapo pa alfajiri ulipatoa wapi?"

"Nilibuni, baba. Nisamehe."

"Hukubuni. Huwa nauliza."

Huuliza kweli. Kila asubuhi, kabla mama hajaanza cherehani, baba huuliza kutoka kitandani kama kumekucha, na mimi ndiye ninayemjibu. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kaka, aliyejifunika shuka gubigubi upande wa pili wa pazia, anasikia.

Tangu siku ile baba hasimulii. Wiki iliyopita alikuja mteja mgeni wa mama, akamuuliza kwa upole yaliyomfika. Baba akasema ni kibanzi tu, akanyamaza. Yule mama alingoja kidogo, kisha akaendelea kupimwa mabega.

Profesa alikaa siku kadhaa bila kugusa kompyuta. Mama alishona mpaka macho yakamwuma, na akisema macho yanamwuma sote tunaruka. Jana mchana simu ikatetemeka mezani. Dalali, kwa namba mpya, mwenye furaha ileile. Kaka yangu alisoma ujumbe, akausoma tena, kisha akaniletea nilipokuwa nakunja nguo. Mwombaji wa nafasi ya ufadhili anataka insha: eleza siku uliyodhulumiwa na ulivyoipokea. Lazima ipite kwenye mashine.

Hakuniomba kitu. Alisimama tu na simu yake, na mimi nikajua anachofikiria. Msajili, miwani, kidole kwenye kioo, benchi la zege. Hakuna kitabu chenye habari hiyo. Mashine haiwezi kuipata popote. Na mimi orodha imeshanifungia milango, hata nikiiweka haitanifaa kitu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, kichwa ameinua, anasikiliza. Cherehani ilikuwa imesimama, mama anatunga uzi, na tundu la sindano linamkataa.

"Iandike," nikamwambia kaka yangu. "Lakini safari hii baba asife."