Gunia la Kukaribishia

Kabla jino la Plasta halijang'oka na kuangukia chini ya kabati la vikombe, watu wote ukumbini walikuwa wanacheka. Hilo ndilo la kushika kwanza. Hakuna aliyeingia mle na chuki moyoni. Walikuwa watu wa heri, waliopata kwenda nchi za mbali kujitolea, huyu kufundisha, yule kuchimba visima, mwingine kuzalisha akina mama kwenye mahema, wakarudi makwao na kuunda chama cha kukumbukana na kusaidiana. Mchana ule walikuwa wanaingiza wajumbe wapya wa bodi.

Plasta alikuwa muuguzi. Jina hilo alipewa huko huko ugenini, kwa sababu dawa ziliisha mapema na iliyobaki ilikuwa plasta tu, basi hata mwenye homa alibandikwa. Kwenye bodi alikuwa mjumbe wa zamani. Wapya walikuwa wawili: Mpishi, mama mnene aliyewahi kuwapikia wakimbizi kwenye masufuria ya kuingia mtu mzima, na kaka yake Plasta mwenyewe, fundi wa mabomba ya maji, ambaye kila mtu alimwita Bomba.

Kumpata Bomba haikuwa kazi ndogo. Huko alikokwenda kutandaza mabomba alirudi kabla ya muda wake, pua imepinda. "Koki ilifyatuka," alisema, wala hakuongeza neno. Kazi akaiacha. Akajifungia chumba cha uani kwa mdogo wake, anatoka alfajiri kuoga na kurudi mbio kama panya aliyeona paka. Chakula chake kilisukumwa chini ya mlango. Majirani wakaanza kumwita marehemu anayekula, na Plasta akisikia alijifanya hakusikia.

Aliona wazi kwamba kaka yake anampotea huku anamwona. Akambembeleza asubuhi na jioni. "Kaka, njoo kwenye bodi. Wale ni wenzako, hawatakuuliza uliona nini." Aliamini kwamba akiweza kuketi na watu mchana mmoja, akanywa kitu, akacheka hata cheko la uongo, basi ataanza kurudi. Asipoweza, atamzikia mle mle chumbani. Mwishowe Bomba akasema, "Haya, mdogo wangu. Lakini nikae karibu na mlango."

Sasa kulikuwa na jambo la gunia. Wote waliotumwa ng'ambo walipitia chuo kimoja. Karibu na safari, bila taarifa, wakufunzi waliwavamia wakiwa wanakula, wakawavika magunia vichwani, wakawatupa kwenye lori na kuwazungusha huku wakiwatukana na kuwapiga vibao. Lilikuwa funzo: ukitekwa kweli usipigane, legea, kaa kimya, vuta pumzi taratibu. Kisha gunia linavuliwa, unakuta meza imetandikwa, soda za baridi, na wakufunzi wale wale wanakupigia makofi. Watu walilisimulia gunia kuliko walivyosimulia kazi. Chama nacho kikaligeuza utani wa kukaribishia. Mjumbe mpya wa bodi huvikwa gunia nje ya ukumbi, huburutwa ndani, hukalishwa, linavuliwa, makofi, soda. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini nani huwakumbuka wazee akiwa anacheka?

Mwenyekiti, mwalimu wa hesabu mwenye kitambi na roho nyepesi, alikuwa amemvuta Plasta pembeni.

"Sista, kaka yako tumruke? Namwona kama hana utani."

"Msimruke. Mkimruka atajiona mgonjwa. Mfanyieni kama mtu."

"Nisije nikalaumiwa."

"Kwani gunia linauma, Mwenyekiti?"

Akaanza Mpishi. Aliletwa anayumba, kacheka mpaka kapaliwa. "Taratibu jamani, kichwa nimesuka jana. Hili gunia lilikuwa la nini?"

"La vitunguu, mama."

"Na kulifua mmeshindwa, nyinyi mabwana wakubwa wa bodi?"

Wakapiga makofi, wakamfungulia soda.

Kisha zamu ya Bomba. Seremala, mjumbe wa zamani aliyekuwa na mikono kama miguu ya meza, alijibanza nyuma ya mlango wa choo alikokwenda Bomba. Plasta alikuwa bado na sare ya kazini, amesimama mezani anafungua chupa, anatabasamu peke yake. Alisikia gunia likishuka. Akasikia kamba ikivutwa shingoni, na Seremala akikoroma kwa sauti ya kuigiza, "Chini, mbwa wewe."

Kisha ukasikika mlio kama wa mtu anayevunja ukuni mbichi.

Seremala aliingia ukumbini kinyumenyume, akaanguka chali, kiganja chake kimegeukia upande ambao kiganja hakigeukii. Bomba alikuwa juu yake. Gunia lilikuwa bado kichwani, kamba imekaza chini ya kidevu, hana macho wala uso, ni nguo ya katani inayoingia na kutoka kwa pumzi. Alipiga kama atwangaye, bila haraka, kila ngumi pale pale ilipotua ya kwanza. Meno ya Seremala yakagongana, kisha yakaacha kugongana.

Mwenyekiti, Mungu amsamehe, bado alicheka. "Eh, huyu anajua kuigiza kuliko sisi," akasema, akamwekea mkono begani.

Bomba akaukamata ule mkono. Akaufuata, kiwiko, bega, shingo, kama fundi anavyopapasa bomba gizani akitafuta panapovuja, mpaka kidole gumba kikafika jichoni. Hapo akasukuma. Mwenyekiti alilia mlio ambao wale waliofanya kazi vitani waliutambua, na ambao walidhani wameuacha huko.

Watu wakaanza kupiga kelele kila upande. "Mshikeni!" "Bomba, ni sisi!" Mmoja akavunja kiti mgongoni mwa Bomba, na Bomba akachukua mguu wa kiti uliobaki na kumpasua nao paji la uso. Kila sauti ilikuwa inampa shabaha. Plasta akakimbia mbele, "Kaka, ni mimi, ni mdogo wako," na ngumi ikaja palipotokea maneno. Hapo ndipo jino lilipotoka.

Alipokuwa chini, na chumvi ya damu kooni, Plasta akaelewa. Akainua mkono, akawaonyesha wote kidole mdomoni. Wakanyamaza. Bomba naye akasimama, kichwa cha gunia kikageuka huku, kikageuka kule, kinasikiliza. Aliyesikika alikuwa mmoja tu: Seremala, anayevuta pumzi kwa mapovu. Bomba akapiga magoti, akampapasa, akaipata shingo, akaanza kuikaba kwa mikono miwili. Visigino vya Seremala vilipiga sakafu haraka, kisha polepole.

Mfukoni mwa sare Plasta alikuwa na mkasi wa kukatia bendeji, ule wenye ncha butu. Akavua viatu. Akamwendea kaka yake kwa nyuma na kumrukia mgongoni. Bomba akainuka naye, akarudi nyuma kwa nguvu zake zote na kumbamiza kwenye kabati; vikombe vikamwagika, mbavu zikalia ndani ya kifua cha Plasta. Hakuachia. Akambamiza tena. Mkasi ukateleza, ukachana sikio, damu ikailowesha katani. Mara ya tatu ncha ikapenya chini ya kamba, akakata, akalivuta gunia na kulitupa.

Uso uliotokea ulikuwa umelowa machozi na kamasi kama wa mtoto. Bomba akapepesa macho. Akamwona Seremala anakohoa, Mwenyekiti amejishika uso, damu inapita kati ya vidole. Akaona meza.

"Mbona kuna soda?" akauliza.

Akakaa sakafuni.

"Na kule nilijua kuna soda," akasema. "Walipotuvika magunia, mimi na yule mwashi wa matangi, nikajua ni wakufunzi wamekuja kutupima tena. Nikacheka. Yeye alitaka kupigana, mtu mwenye nguvu, baba wa watoto. Nikamwambia, legea ndugu yangu, huu ni mchezo, mwisho tutanywa soda. Akalegea, kwa kuwa aliniamini. Wakampiga na spana yangu mwenyewe. Nilisikia. Nikadhani wanapiga mfuko wa mchanga kututisha. Nikakaa kimya, kama tulivyofundishwa, mpaka wakachoka na kuondoka."

Mpishi akajifunika uso kwa kanga. Plasta hakuwa na nafasi ya kulia. Alimlaza Seremala kwa ubavu apumue, akamfunga kiganja kwa ubao wa kiti. Jicho la Mwenyekiti aliliangalia mara moja tu. Akajua halirudi. Akalifunika kwa kikombe cha plastiki asije akaligusa, akakibandika.

"Sista," Mwenyekiti akasema kwa shida, "hili ni letu la ndani. Semeni nimeanguka kwenye ngazi."

Plasta aliyapokea maneno hayo kama mwenye kiu. Akamgeukia kaka yake. "Umesikia? Pita mlango wa nyuma. Nenda nyumbani, jifungie, mimi nitamaliza hapa."

"Sijifungii. Naenda kituoni kusema."

"Kaka, polisi watakuweka ndani."

"Ndani si nimo tangu niliporudi?"

"Umemtoa mtu jicho. Si kifungo cha siku moja wala mbili. Nakuomba kwa mama aliyetuzaa."

"Mara ile nilinyamaza, mtu akafa. Leo nikinyamaza nitakuwa nimefanya nini?"

Seremala aliinua kichwa, sauti yake imebaki uzi. "Mwache aende. Na mimi nikipona nitaenda. Nitasema karibu aniue." Akameza damu. "Na nitasema nani alimvika gunia."

Mpishi akaenda kutafuta gari la kuwapeleka majeruhi hospitali. Plasta akawakabidhi kwake, akatoka.

Jua lilikuwa bado juu na barabara ya maduka imejaa. Bomba alitangulia katikati ya watu, shati limegeuka rangi, mguu mmoja anauburuta. Watu walimpisha, mama mmoja akamvuta mwanawe kwa mkono. Plasta alifuata nyuma, kitambaa mdomoni, mkono mwingine ameshika mbavu. Mwaka mzima aliomba kumwona kaka yake akitembea njiani mchana.

Mbele ya duka la vifaa vya maji, mwenye duka aliyekuwa akimuuzia koki na viungio enzi za kazi alisimama na kushika kiuno.

"Fundi? Ni wewe? Umeumia?"

"Si damu yangu," akasema Bomba. Akasimama. "Habari za biashara?"

Akangoja ajibiwe.