Wastani wa Siku Ishirini

Mimi ndiye niliyemwambia Mthobisi anunue dhahabu. Msimlaumu mtu mwingine.

Nafundisha hesabu hapa Umlazi. Yeye alikuwa akichomelea vyuma bandarini. Alikuwa na akiba ya mahari, thamani ya ng'ombe sita kwa fedha taslimu. Kwetu hata wawili wanatosha kuanzia, wengine hulipwa taratibu. Lakini mimi na kiburi changu nilitaka ng'ombe wote kumi na mmoja wa desturi waingie siku moja, ili shangazi zangu wafunge midomo.

Nikamchorea mistari kwenye simu: wastani wa bei ya dhahabu wa siku ishirini, na wa siku hamsini. "Ona, wa siku ishirini umevuka juu ya wa hamsini. Bei inapanda."

"Una hakika, mpenzi?"

"Hesabu haidanganyi, bwana wee! Weka yote."

Dalali alitukopesha tununue dhahabu ya thamani mara nyingi ya akiba yetu, kwa hiyo kushuka kidogo tu kulitosha kutumaliza. Ijumaa mchana zikatoka takwimu nzuri za ajira za Marekani, dola ikapanda, dhahabu ikaporomoka. Dakika kumi, hatuna kitu. Na mistari yangu bado ilionyesha kupanda, maana wastani hujua ya jana tu. Jamani, nalifundisha hilo kila mwaka!

Jumamosi alfajiri, siku ya kuleta mahari, Baba alivaa koti lake, akangoja washenga wa Mthobisi waje langoni kuita sifa za ukoo wetu. Akaja Mthobisi mwenyewe, peke yake. Kwetu bwana harusi hakanyagi hapo siku hiyo. Shangazi Ntombizonke, aliyesimama nami dirishani, akaangua kicheko.

"He! Huyu kajishenga mwenyewe!"

Mthobisi alivua kofia. "Baba, nisamehe. Fedha imepotea sokoni. Nipe mwaka mmoja."

"Nani alikushauri upumbavu huo?"

Akatazama dirishani. Alijua nipo. Moyo wangu ulipasuka, sisemi uongo.

"Hakuna, Baba. Ni tamaa yangu."

"Basi nenda nayo. Binti yangu usimtafute tena."

Neno moja lingemwokoa: mimi. Lilinifika kooni. Lakini Shangazi alikuwa bado anacheka, nami nikaona haya amcheke na mwalimu wa hesabu. Nikalimeza, nikashusha pazia.