Sweta la Firmin

Saa saba mchana wa Krismasi, ukumbi wa kambi ya Les Genêts ulikuwa na joto la nyuzi ishirini na nane, chaza wamepangwa mezani, na wanachama thelathini wameketi uchi, kama ilivyo kanuni ya kambi yao, kila mmoja juu ya taulo lake. Ghislaine aliingia amechelewa. Alitundika koti, akavua viatu, kisha gauni. Chini ya gauni alikuta sweta la kijani alilomfumia mumewe Firmin, lile alilozikwa nalo Novemba.

Akalivua. Chini yake kulikuwa na jingine, lile lile, na doa lile lile la mvinyo kifuani.

"Dada, utaratibu unaujua," alisema Thibault, mwenyekiti wao, akikamulia chaza wake limau. "Hapa hatuli tumevaa."

"Si navua?"

"Vua upesi basi. Sisi tuna njaa."

Jirani yake Solange alikuja kumsaidia kuvuta mikono. La saba, la nane, la tisa. Waliyakunja vizuri wakayaweka chini ya mti wa Krismasi, pamoja na zawadi. Ghislaine mwenyewe hakuelewa kama sweta ndilo lililomng'ang'ania au yeye ndiye asiyetaka kuliachia. Alikuja kwa jambo moja tu: kukaa katikati ya meza, mahali pa Firmin kwa miaka ishirini, ainue glasi na kulitaja jina lake. Krismasi iliyopita Firmin alitoka hospitali na mfuko wa kupokea choo uliobandikwa ubavuni, na kambi hii, iliyoandika mlangoni kwamba kila mwili unakaribishwa, ilipiga kura akae nyuma ya mti, asiwakate watu hamu ya kula. Mikono yote ilipanda. Hata wa Ghislaine.

Kwenye sweta la thelathini na moja, Thibault aliitisha kura. Mikono ikapanda.

"Usinune, mwenzetu. Kula utakula, ila aliyevaa anawatia wenzake haya. Kaa kule nyuma ya mti."

"Alikokaa Firmin?"

"Kule kule. Hutasumbuliwa na mtu."

Ghislaine alichukua sahani na taulo lake, akauzunguka mti. Kiti kilikuwa kimoja tu. Kabla ya kutandika taulo alikigusa kwa kiganja, na kilikuwa bado kina joto la aliyekikalia. Upande wa pili walikuwa wameanza kuimba.