Upepo Ndani ya Breki za Régis

Jumamosi asubuhi Régis aliendesha Corolla yake mpaka gereji moja ya Jeppestown kwa gia ya kwanza, maana breki zilikuwa zimegoma. Pedi alikuwa amezibadilisha mwenyewe juzi, mbele ya ghorofa lao kule Berea, huku akimfundisha kazi kila jirani aliyepita. Zilikuwa mpya kabisa. Ila ukikanyaga, pedeli ilizama kama mguu kwenye matope, na gari likaendelea na safari zake. Mkewe, Marcelline, alikaa pembeni, mkono kwenye handbreki, akimshukuru Mungu kwa kila roboti, yaani taa ya barabarani, iliyowaka kijani.

Fundi Ezéchiel, Mkongo wa Bukavu, aliinama, akachungulia, akainuka.

"Pedi iko muzuri. Diski iko muzuri. Ila muko upepo ndani." Akamgeukia Marcelline. "Mama, nani anasemaka sana mu hii gari?"

Marcelline alimtazama mumewe tu, na fundi akaelewa.

"Basi ni upepo wa maneno," akasema. Alikuwa ameshauzoea. Wiki iliyopita aliutoa kwenye kombi ya mchungaji mmoja wa Yeoville. Kazi ikachukua mchana kutwa, na watu wakaleta viti.

Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja akanyage pedeli, mwingine afungue skrubu ndogo nyuma ya gurudumu, upepo utoke kupitia mpira mwembamba mpaka kwenye chupa ya oili. Régis alisema mgongo unamsumbua. Marcelline akavua viatu, akakaa kwenye usukani.

"Kanyaga. Tena. Tena. Shikilia!"

Povu likapanda ndani ya chupa, likapasuka, na sauti ya Régis ikatoka, safi kabisa: "Wiki ijayo nitatengeneza bomba la jikoni."

"Inatoka muzuri," akasema fundi.

Gurudumu la kwanza lilikuwa na mambo madogomadogo: bomba, pazia, shemeji atakayepigiwa simu. Régis akajifanya anasoma maandishi ya tairi. La pili likaanza na Inès. Huyu ni binti yao, waliyemwacha kwa bibi yake kule nyumbani, Gitega, kabla hajaota meno. Sasa yuko karibu kumaliza shule ya msingi. "Krismasi hii tunamleta." "Pasaka, Mungu akipenda." "Mwakani, bila kukosa." Ahadi ni deni, lakini kwa Régis ilikuwa kitoweo, na Marcelline alikuwa ameshashushia ugali mwingi kwa ahadi hizo. Kila alipokanyaga, gari lilitikisika, na boksi likachungulia kutoka chini ya kiti cha abiria. Vilikuwa viatu vya shule alivyomnunulia Inès, jozi ya tatu sasa. Mbili za kwanza zilimbana mtoto kabla hajaziona.

Gurudumu la mwisho lilikuwa na povu moja tu, kubwa, nalo likakawia.

"Shikilia, mama, usiachie."

Likapasuka. "Inès, mwanangu, mimi niko tayari hata leo. Mama yako ndiye anasema tungoje."

Marcelline akashikilia. Unyayo ulimuuma, naye akashikilia tu, maana ukiachia kabla skrubu haijafungwa, upepo unarudi wote. Kumbe ndiyo sababu mtoto siku hizi akipiga simu hamalizi hata salamu, anaomba baba.

"Sharp," akasema fundi, akakaza skrubu. "Imeisha."

Pedeli sasa ilikuwa ngumu, ya kupendeza. Régis aliendesha kurudi nyumbani akipiga mluzi, akifunga breki hata pasipohitajika, alimradi mkewe aone.

"Baba Inès," akasema Marcelline taratibu. "Ulimwambia mtoto kwamba mimi ndiye ninayemzuia?"

"Mimi? Haki ya Mungu, neno kama hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu!"

Mbele yao roboti ikawaka nyekundu. Régis akakanyaga, na pedeli ikazama mpaka chini.

Marcelline akavuta handbreki. Gari likasimama pua ikiwa imevuka mstari. Boksi la viatu likateleza mpaka miguuni mwake, akalirudisha kwa kisigino.

"Eish, unaona?" akafoka Régis. "Nilijua tu huyu fundi wako hajui kazi. Kesho nalipeleka kwa mwingine."

Simu iliyokuwa juu ya dashibodi ikaita. Marcelline akaipokea.

"Mama," ilikuwa sauti ya Inès, "nipe baba."

Alikuwa na mengi ya kumwambia. Akampa mumewe simu. Roboti ikawaka kijani, kombi za nyuma zikaanza kupiga honi.

"Inès, mwanangu," akaanza Régis huku akiondoa gari, na Marcelline akaurudisha mkono kwenye handbreki.