Mume Wangu Kwenye Meza za Watu

Mwezi ule tulisafiri kila wikendi: harusi ya mdogo wangu, kisha sherehe ya mjomba kustaafu. Kila tulipoandaliwa chakula, mume wangu, mpishi wa hoteli ambaye hakosi la kukosoa, alisubiri nionje kwanza.

“Kimekolea, mke wangu?”

Nikisifu, naye husifu. Nikaingiwa na shaka. Anawaogopa ndugu zangu? Au kuna mwanamke anayempikia pembeni?

Tuliporudi nyumbani, nikamtilia chumvi kwenye chai. Akanywa yote.

“Tamu,” akasema.

“Hiyo ni chumvi, mume wangu.”

Akajiinamia. “Tangu yale mafua, ulimi haunipi ladha. Kazini wakijua, nimekwisha.”

Nilijiandaa kwa ugomvi, nikajikuta namshika mkono. Asubuhi tulikwenda pamoja kwa daktari.